Kutoka "Kilema" hadi "Mtu Mwenye Ulemavu": Historia ya Kampeni dhidi ya Majina ya Kudhalilisha nchini Tanzania na Kenya

Mwaka 1982 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria mbili, moja kuhusu ajira ya walemavu na nyingine kuhusu matunzo yao. Mwaka 2010 Bunge hilohilo lilipitisha sheria iliyochukua nafasi ya hizo mbili, na safari hii ikajulikana kuwa ni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Sheria zote tatu ziliandikwa kwa Kiingereza, kama ilivyokuwa desturi, lakini majina yao ya Kiswahili ndiyo yaliyofika redioni, magazetini na katika mikutano ya vijiji. Kati ya tarehe hizo mbili ipo miaka 28. Katika kipindi hicho neno "mlemavu", ambalo lilikuwa limeingizwa ili kumwondolea mtu fedheha ya kuitwa kilema, lilianza lenyewe kuonekana kuwa na kasoro, na nafasi yake ikatwaliwa na fungu la maneno matatu: "mtu mwenye ulemavu".

Mabadiliko haya kwa kawaida husimuliwa kama safari iliyonyooka kutoka gizani kwenda kwenye nuru: watu wa kale walitumia majina mabaya, wanaharakati wakawaelimisha, leo majina ni mazuri. Insha hii inapinga usimulizi huo. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ubaya wa jina haukukaa katika umbo lake la kisarufi, kama ilivyodaiwa na wengi wa waliolipinga, bali katika nani alilitoa na lilitumika kufanyia nini. Ndiyo sababu kundi moja lililishikilia jina lake la zamani kwa fahari, na kundi jingine likalazimika kulikataa jina lake kwa sababu za uhai na kifo.

Ngeli na tuhuma zake

Hoja iliyorudiwa zaidi katika semina na maandiko ya kampeni ni ya kisarufi. Majina ya asili ya watu wenye ulemavu mengi yamo katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kilema, kiwete, kibyongo, kibogoyo. Ngeli hiyo ni ya vitu kama kiti na kisu. Aidha, kiambishi ki- ndicho kinachodunisha: mtoto akawa kitoto, mzee akawa kizee, mtu akawa kijitu. Hivyo, ilisemwa, Mswahili anapomwita mtu kipofu anamwondoa katika ngeli ya binadamu na kumweka katika kundi la vyombo vya nyumbani.

Hoja hii ina mvuto, na ina ukweli ndani yake. Mtu anayetaka kutukana hujua namna ya kuitumia sarufi. "Kilema yule anakuja" ni kauli ya kawaida kwa mujibu wa Kiswahili sanifu, kwa kuwa upatanisho hufuata uhai wa nomino. "Kilema kile kinakuja" ni tusi, na kila msikilizaji hulitambua. Lakini ukweli huo ndio unaoidhoofisha hoja yenyewe. Ikiwa tusi huzaliwa pale upatanisho unapobadilishwa, basi nomino ikiwa peke yake haikuwa imemtoa mtu katika utu.

Ushahidi mwingine ni bayana zaidi. Kiongozi yumo katika ngeli ya KI-VI, na kijana, na kinyozi, na kiranja ambaye wanafunzi wote humwogopa. Hakuna aliyeanzisha kampeni ya kumwondoa kiongozi huko. Kwa upande wa pili, baadhi ya majina yaliyouma kuliko yote hayamo katika ngeli hiyo. Bubu, zeruzeru na taahira hayana ki-. Mkoma, jina lililomfukuza mgonjwa wa ukoma kutoka kijijini hadi kambini, limo katika ngeli ileile ya mwalimu na mganga, na ngeli hiyo haikumsaidia kitu.

Kasoro halisi ya neno "kilema" iko mahali pengine. Neno hilo, lililotokana na kitenzi "lemaa", lilitaja mambo mawili kwa pamoja: dosari iliyopo mwilini, na mtu aliye na dosari hiyo. Mtu aliweza kuwa na kilema cha mguu, na papo hapo akaitwa kilema. Neno moja lilimmeza mwenye mwili ndani ya kiungo chake. Kwa hiyo kuja kwa jozi ya "ulemavu" na "mlemavu", zilizotokana na shina lilelile, kulikuwa maendeleo ya kweli katika lugha. Hali ikapata jina lake, na mtu akapata lake. Inafaa kusisitiza jambo hili, kwa sababu maandiko ya baadaye yaliyoliweka neno "mlemavu" katika orodha moja na "kilema" yaliifuta historia ya waliolipigania.

Mwaka 1981 na vyama vya wenyewe

Kabla ya uhuru, aliyekuwa na mamlaka ya kutoa majina kwa kiasi kikubwa alikuwa mhisani. Shule za kwanza zilikuwa za misheni: huko Thika, Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya watoto wasioona mwaka 1946, na huko Buigiri karibu na Dodoma, Waanglikana walifungua yao mwaka 1950. Lugha ya shule hizo na ya makanisa yaliyozifadhili ilikuwa lugha ya Biblia ya Kiswahili, ambamo vipofu, viwete na viziwi ni watu wanaoletwa ili waponywe au wanaokaa njiani wakiomba. Majina hayo hayakuwa matusi katika vinywa vya wamisionari. Yalikuwa majina ya wanaohurumiwa, na huruma ina namna yake ya kumpangia mtu mahali pa kukaa.

Kwa mtazamo huo, tukio la mwaka 1964 lina uzito kuliko linavyopewa. Mwaka huo wasioona wa Tanzania waliunda chama chao wenyewe, kinachojulikana kwa kifupisho TLB, na kwa Kiswahili kikajiita Chama cha Wasioona Tanzania. Jina hilo halikutumia neno kipofu. Lilitumia kitenzi, tena kitenzi cha kukanusha, na kwa kufanya hivyo likaeleza jambo ambalo mtu hafanyi badala ya kueleza kitu ambacho mtu ni. Jina hilo lilikuwa katika chama cha wenyewe miaka kumi na saba kabla ya mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya suala hili.

Mwaka huo ulikuwa 1981. Historia ya jina lake inafundisha. Baraza Kuu lilipolipitisha azimio mwaka 1976, mwaka huo ulitangazwa kuwa mwaka kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Miaka mitatu baadaye kiunganishi kilibadilishwa, na ukawa mwaka wa watu wenye ulemavu. Kwa msomaji wa haraka tofauti ni ndogo. Kwa waliodai mabadiliko hayo, tofauti ilikuwa kati ya kufanyiwa jambo na kuwa mwenye jambo.

Nchini Tanzania sherehe za 1981 ziliambatana na kuundwa kwa Chama cha Walemavu Tanzania, CHAWATA, na mwaka uliofuata zikaja sheria mbili zilizotajwa. Tanzania Bara haikuwa na televisheni wakati huo. Msamiati mpya ulisambazwa na redio ya taifa, magazeti ya Kiswahili, walimu na watendaji wa chama, na ulisambaa kwa kasi kwa sababu dola, chama tawala na lugha ya taifa vilikuwa vikivuta kamba moja. "Mlemavu" likawa neno la ofisini na la mtaani kwa pamoja. Ni vigumu kupata mfano mwingine wa neno la staha lililopokelewa kwa upana huo na kwa muda mfupi hivyo.

Majina ya vyama vilivyofuata ni kumbukumbu nzuri ya mvutano wa istilahi. CHAWATA imebaki na neno "walemavu" ndani ya jina lake hadi leo. Shirikisho lililoundwa mwaka 1992 linaitwa SHIVYAWATA, na jina lake kamili husomwa Shirikisho la Vyama vya Watu Wenye Ulemavu Tanzania. Silabi "wa" katika kifupisho hicho huweza kusimama kwa "walemavu" na kwa "watu wenye ulemavu" bila kubadilisha herufi hata moja, na kwa hakika hakuna kifupisho kilichostahimili mabadiliko ya zama kwa urahisi zaidi.

Fungu la maneno "mtu mwenye ulemavu" lilipata nguvu ya kiserikali katika Sera ya Taifa ya mwaka 2004 na likaimarishwa na Mkataba wa Umoja wa Mataifa uliopitishwa Desemba 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009. Hoja ya msingi ilikuwa kwamba mtu atajwe kwanza na hali yake baadaye. Hoja hiyo ilizaliwa katika Kiingereza, ambamo kivumishi kinachogeuzwa kuwa nomino humwacha mtu bila kutajwa kabisa. Kiswahili hakina tatizo hilo. Herufi "m" iliyo mwanzoni mwa "mlemavu" tayari ni mtu, na tena inatangulia. Kwa hiyo ni haki kusema kwamba hatua ya pili ya mageuzi, tofauti na ile ya kwanza, ilikuwa kwa sehemu kubwa tafsiri ya ugomvi wa lugha nyingine.

Hata hivyo haikuwa bure. Kufikia mwanzoni mwa karne hii, "mlemavu" lilikuwa limeanza kutupwa kama jiwe viwanjani na vijiweni kwa mtu yeyote aliyekosa shabaha au aliyechelewa kuelewa mzaha. Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Neno lolote linalotaja hali inayodharauliwa litachukuliwa siku moja na mwenye dharau. Fungu refu la maneno angalau lina kinga moja: ni zito mdomoni, na halifai kurushwa kwa hasira.

Viziwi na jina walilolikataa kuliacha

Kama hoja ya ngeli ingekuwa ya kweli, viziwi wangekuwa wa kwanza kulikimbia jina lao. Ilikuwa kinyume. Chama chao, kilichoundwa miaka ya 1980, kiliitwa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, na shule maarufu ya Buguruni jijini Dar es Salaam ni shule ya viziwi kwa jina. Neno walilolipiga vita ni "bubu".

Sababu yao ni ya kimantiki. Kiziwi ni mtu asiyesikia, na hilo ni kweli. Bubu ni mtu asiye na lugha, na hilo ni uongo, kwa kuwa viziwi wana lugha ya alama yenye sarufi na msamiati wake. Kumwita kiziwi bubu ni kuikana lugha yake, na atakayeikana lugha yake hataona haja ya kumwekea mkalimani mahakamani wala hospitalini. Katika ngazi ya dunia msimamo huohuo ulichukuliwa na Shirikisho la Viziwi Duniani mwaka 1991, lilipokataa istilahi za kitabibu zilizomtaja mtu kwa upungufu wa usikivu na kuchagua neno fupi la zamani. Viziwi wa Afrika Mashariki hawakuhitaji kusubiri uamuzi huo ili kujua wanaitwaje.

Ushindi mkubwa wa msimamo huu ulipatikana Kenya mwaka 2010. Katiba mpya iliitambua Lugha ya Alama ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Jamii inayoitwa kwa jina la ngeli ya KI-VI iliingiza lugha yake katika Katiba, jambo ambalo makundi yaliyobadilishiwa majina mara tatu hayakulipata kwa njia hiyo.

Zeruzeru, albino, mlemavu wa ngozi

Hakuna jina lililogharimu damu kama "zeruzeru". Kabla ya mwaka 2006 lilikuwa neno la kawaida katika kamusi na katika mazungumzo, likiambatana na imani iliyoenea kwamba mtu wa aina hiyo hafi bali hutoweka. Watu wenye ualbino wenyewe walikuwa na chama tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, nacho kilijiita chama cha maalbino. Neno hilo la mkopo lilikuwa staha ya wakati ule, kama "mlemavu" lilivyokuwa staha badala ya "kilema".

Kisha yakaja mauaji. Kuanzia miaka ya 2006 na 2007, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, watu wenye ualbino walivamiwa usiku na kukatwa viungo vilivyouzwa kwa imani kwamba huleta utajiri migodini na katika uvuvi. Kwa mujibu wa takwimu zilizotajwa na Umoja wa Mataifa, waliouawa nchini Tanzania tangu mwaka 2000 walizidi 70, wengi wao wakiwa watoto. Mwaka 2008 mwandishi wa BBC Vicky Ntetema alijifanya mteja kwa waganga na kufichua biashara hiyo, na kazi hiyo ikamlazimu kujificha. Mwaka huohuo Rais Jakaya Kikwete alimteua Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, kuwa mbunge. Januari 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda alitangaza kufutwa kwa leseni za waganga wa jadi, na Machi serikali ikaendesha kura ya siri ya wananchi kuwataja wanaowashuku. Septemba mwaka huo mahakama iliyoketi Kahama ilitoa hukumu ya kwanza ya kifo katika mauaji ya aina hiyo.

Katika mazingira hayo kampeni ya majina haikuwa suala la adabu tu. Wanaharakati, wakiwemo wa shirika la Under the Same Sun, walifafanua kwamba "zeruzeru" lilibeba wazo la mzuka, kiumbe asiye mtu kamili. Uhusiano wa wazo hilo na mauaji unaeleweka kwa urahisi: anayeaminiwa kuwa hafi hawezi kusemwa ameuawa. Lakini mtaani kulikuwa na jina jingine lililotisha zaidi. Watu wenye ualbino waliitwa "dili". Neno hilo la vijana, la biashara na furaha ya faida, halikuwa na historia yoyote ya ulemavu, halikuwa na ki-, halikuwamo katika kamusi kwa maana hiyo, na lilimwambia mtoto anayekwenda shuleni bei yake.

Kampeni dhidi ya "zeruzeru" ilifanikiwa kwa kiwango cha kustaajabisha. Ndani ya miaka michache neno hilo lilikuwa limetoweka katika taarifa za habari na hotuba za viongozi. Jambo ambalo halikuangaliwa vya kutosha ni neno lililojaza pengo. Vyombo vingi vya habari, kwa nia njema, vilianza kuandika "mlemavu wa ngozi". Istilahi hiyo ilionekana ya heshima, ya kitaalamu na ya Kiswahili fasaha. Ilikuwa pia na kosa. Ualbino ni upungufu wa melanini unaogusa ngozi, nywele na macho. Watu wengi wenye ualbino wana uoni hafifu, na darasani ndiko tatizo hilo linakouma zaidi: mtoto asiyesoma maandishi ya ubaoni kutoka dawati la nyuma huhesabiwa mzito wa akili, huanguka mitihani, huacha shule, na huishia kazi za juani ambazo saratani ya ngozi humfuata. Mwalimu aliyeambiwa kwamba mwanafunzi wake ana ulemavu wa ngozi atamtafutia kofia. Hatamsogeza mbele wala kumwombea vitabu vya maandishi makubwa, kwa kuwa jina halikumwambia chochote kuhusu macho.

Waswahili wana methali inayolifaa jambo hili: apendaye, chongo huita kengeza. Kwa kawaida methali hiyo husemwa kwa mzaha kuhusu wapenzi. Katika sera za umma haina mzaha, maana mwenye chongo na mwenye kengeza hawahitaji matibabu yaleyale. Ndiyo sababu vyama vilisisitiza neno jipya "ualbino" na fungu "mtu mwenye ualbino", na chama cha taifa kikabadili jina lake kulifuata. Mwaka 2010 Salum Khalfan Barwany alichaguliwa na wapiga kura wa Lindi Mjini, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kushinda jimbo la ubunge Tanzania, na Desemba 2014 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likatangaza tarehe 13 Juni kuwa siku ya kimataifa ya uelewa kuhusu ualbino. Kenya ilikwenda hatua zaidi katika hesabu: sensa ya 2019 iliwahesabu watu wenye ualbino peke yao na kupata 9,729. Idadi haina staha wala tusi, lakini bila jina lililokubaliwa isingeweza kukusanywa.

Akili na ucheleweshaji

Eneo ambalo kampeni zimefika kwa uchache zaidi ni la ulemavu wa akili. Hapa majina ya hospitali yenyewe yaligeuka matusi. Mirembe ya Dodoma, Mathari ya Nairobi na Kidongo Chekundu ya Zanzibar hutajwa kwa mtu mwenye akili zake timamu ili kumkejeli, na hakuna kampeni iliyowahi kuuzuia mji kulitumia jina la hospitali yake.

Neno "taahira" linastahili uchunguzi wa pekee. Limetoka Kiarabu, lina shina moja na "ahirisha", na maana yake ya asili ni kuchelewa. Liliingia katika elimu maalumu kama neno la kitaalamu na la upole, kwamba mtoto huyu hajakosa akili bali amechelewa. Historia hiyo inafanana kwa namna ya ajabu na ya Marekani, ambako istilahi ya kitabibu iliyotokana na Kilatini, yenye maana hiyohiyo ya kuchelewa, ilichukua katikati ya karne ya 20 nafasi ya maneno makali zaidi ambayo wanasaikolojia walikuwa wamewapangia watu madaraja. Huko nako neno la upole lilioza. Machi 2009 vijana waliohusiana na mashindano ya Special Olympics walianzisha kampeni ya kuwataka watu waahidi kuliacha, na Oktoba 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria iitwayo Sheria ya Rosa, iliyoliondoa neno hilo katika sheria kadhaa za shirikisho. Lugha mbili zisizo na undugu zilichagua sitiari moja, nazo zikashindwa kwa namna moja.

Tofauti iko katika nani aliyedai mabadiliko. Nchini Marekani watu wenye ulemavu wa akili walikuwa na harakati zao wenyewe tangu miaka ya 1970, zilizoanzia jimbo la Oregon, na madai ya kubadilisha jina yalitoka humo kabla ya kufika Bungeni. Afrika Mashariki, sauti za wazazi na walimu zimesikika zaidi kuliko za wenyewe. Pengine hiyo ndiyo sababu "taahira" liliondoka katika nyaraka bila kuondoka vijiweni, ambako bado ni tusi jepesi kutamkwa.

Katiba na vitabu vya sheria

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ililifikisha suala la majina mahali ambapo kampeni yoyote ingetamani. Ibara ya 54 inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa utu na heshima, na ya kuitwa na kutajwa kwa namna isiyomdunisha. Jina, ambalo hadi hapo lilikuwa jambo la malezi na semina, likawa haki inayoweza kudaiwa mahakamani. Tanzania haina ibara ya aina hiyo. Katiba yake ya 1977 inautaja ulemavu pamoja na uzee na maradhi, kama hali ambayo mtu huihitaji jamii imsaidie.

Lakini Katiba hiyohiyo ya Kenya, katika ibara ya 83 kuhusu usajili wa wapiga kura, inamwondoa mtu aliyetangazwa kuwa hana akili timamu, kwa lugha ya karne ya 19 isiyobainisha ugonjwa wala ulemavu. Kanuni ya Adhabu ya nchi hiyo nayo, iliyorithiwa kutoka enzi ya ukoloni, ilikuwa na kifungu cha 146 kinachowalinda watu wenye ulemavu wa akili dhidi ya kunajisiwa, na kuwataja kwa maneno mawili ya Kiingereza ambayo wanasaikolojia waliyaacha miongo mingi iliyopita na ambayo leo ni matusi matupu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika kifungu cha 137, ilitumia maneno hayohayo. Mashtaka chini ya kifungu cha Kenya yaliendelea kufikishwa mahakamani baada ya Agosti 2010, na katika mashauri ya aina hiyo mshtakiwa alisomewa shtaka lililomwita aliyedhulumiwa kwa jina ambalo Katiba iliyokuwa juu ya meza ya hakimu ilikuwa imelikataza.